Sala ya Kufungua Mkutano

Treni ilipokaribia Emali, Tima aliacha kujifanya anasoma gazeti, kwa kuwa abiria walioketi mbele yake walikuwa na habari bora zaidi. Daktari Kasiva, mtafiti wa mbegu za ndengu, alikuwa akimweleza mzee Nthiwa, aliyekutana naye humo humo, kwamba leo bodi ya maabara yao inamchagua mkurugenzi, naye anawania.

"Wameniomba niufungue mkutano kwa sala," alisema. "Nimekataa."

"Ai! Umekataa sala, mwanangu?"

"Miaka yote nafungua kwa sala na kufunga kwa shukrani, mzee. Katikati, wanaume ndio wanaojadili mbegu zangu."

"Lakini sala hulainisha mioyo. Wangekupa kura."

Tima alijiambia kwamba mioyo iliyolainishwa miaka yote hiyo, ingalikuwa ndengu, ingalikwisha kuiva.

"Na wakikukasirikia?" mzee alisisitiza.

"Watanikasirikia nikiwa nazungumza."

Treni ikasimama. Kasiva akainuka, akachukua mkoba wake.

"Sasa nani ataomba?" mzee aliuliza, kwa uchungu wa kweli.

"Mwenyekiti. Leo ndiye atakayehitaji ujasiri."

Akashuka.