Simu Chini ya Mswala

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani mmoja, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni, alikuwa akimweleza mwalimu wa madrasa aliyeketi naye kwamba ameipekua simu ya bintiye. Alingoja binti aanze sala ya alasiri, maana akishapiga takbira hageuki.

"Tumekatazwa kupelelezana, mama," mwalimu alisema taratibu. Nami, niliyekatazwa vilevile, nikazidi kutega sikio.

"Najua, ustadhi. Lakini nilikuta mtu mzima na ndevu zake anamwomba picha bila mtandio. Ningesubiri nani aje kuniambia?"

"Ungemuuliza mwenyewe. Mtoto ukimlinda kwa kumnyatia, unamfundisha kujificha. Mzoeshe kujua kwamba Mungu anamwona."

"Mungu anamwona tangu azaliwe, na hilo halinikoseshi usingizi. Ninayemhofia ni huyu mwingine anayemwona."

Mwalimu alikuwa na tasbihi mkononi, ila vidole vilikuwa vimesimama. Akauliza kama mtu yule ameacha kumwandikia.

"Nimemfungia njia zote. Na mtoto nimemwambia nilichokiona. Na sala hajaiacha, alhamdulillahi." Fundi akaivua futi shingoni, akaanza kuikunja polepole. "Ila siku hizi, kabla hajasali, anailaza simu chini ya mswala, palepale anapoweka paji la uso."

Basi likasimama. Kilikuwa kituo cha mwalimu, kondakta akamkumbusha mara mbili, lakini hakuinuka.