Bata wa Maganga Walitazama Upande Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii. Kama una kazi mkononi, iweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka mchoraji Maganga Nkuba. Wiki tatu zimepita tangu afariki, na mimi bado nikilitaja jina lake ulimi unasita. Maganga alikamatwa na mamba huko Usangu. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, naye alikuwa anachora bata.

Wengi wenu mnamjua bila kujua. Ukipita Iyunga, hapa Mbeya, ukaona kibao cha kinyozi chenye kichwa kinachotaka kukugeukia, huo ni mkono wa Maganga. Lakini vibao vilikuwa kazi ya kula. Kazi ya moyo wake ilikuwa bata mwitu wenye nyuso nyeupe, wale wanaopiga mluzi. Aliwachora kwa rangi ya mafuta, juani, unyoya kwa unyoya.

Alizaliwa Usukumani. Mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na minne, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Mama yake, Bibi Nyamizi, anakumbuka:

"Nilimtuma kunywesha ng'ombe. Jioni namuuliza, yule ndama mweusi amekunywa? Ananijibu, mama, bata akitoka majini mgongo wake una rangi saba. Nikamwambia, haya, kesho tutamkamua bata."

Lakini baba yake, ambaye naye ni marehemu, alimfundisha jambo wanalolijua wachungaji wote wa pale. Kabla ya kunywesha, tazama bata. Wakiwa wanaelea ovyo, peleka ng'ombe. Wakiwa wametoka majini wote, wamenyoosha shingo, wanatazama upande mmoja, rudisha ng'ombe. Kuna mamba. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji wapendwa. Bata wakitoka wote, kuna mamba.

Mwaka 1970 Maganga alikwenda Iringa kutafuta kazi. Mzee Umakant, mwenye duka la rangi na misumari, alimpa kibao aandike. Alipoiona kazi yake, akamzawadia kisanduku cha rangi za mafuta.

"Akanichorea bata wawili, ahsante yake," anasema Mzee Umakant. "Nikawatundika dukani. Paka wetu akakaa chini yao siku mbili, maziwa hataki. Mke wangu Jashoda akasema, bwana, ama bata watoke, ama paka atoke."

Huko Iringa alimwoa Kalista. Wakahamia Mbeya. Kila kiangazi walirudi Usangu kwa Bibi Nyamizi, ili Maganga achore.

Sasa tunafika Jumanne, tarehe 9 Agosti, mwaka huu wa 1977. Maganga alikuwa amekaa mahali pamoja siku nne. Maji yalikuwa tayari kwenye picha. Matete tayari. Mwanga tayari. Siku ya tano ilikuwa ya bata. Kalista anasema:

"Kila siku tulikwenda wote. Siku ile nilibaki nyuma, uji haujaiva. Nilipofika, kigoda kipo. Picha imeegemea mti, rangi mbichi. Nikaita. Nikaita tena. Halafu nikaona kiatu kimoja kwenye tope."

Siku ya tatu ya matanga, Shigela, kaka wa marehemu, alisimama mbele ya waombolezaji.

"Mamba huyu ametumwa! Shemeji, kila siku unakwenda naye. Kwa nini siku ile ulibaki?"

"Uji ulikuwa haujaiva, shemeji."

"Uji gani huo unaochelewa siku moja tu, siku ya kifo?"

Akautupa mzigo wa nguo za Kalista barabarani. Kalista akaambiwa aondoke kabla jua halijazama. Wasikilizaji wapendwa, mnajua mjane akishaitwa mchawi, njiani hana usalama. Watu walikuwa wengi. Hakuna aliyeuokota mzigo ule.

Bibi Nyamizi ndiye aliyeomba aletewe picha. Hakuwahi kuzitazama picha za mwanawe. Alizoea kusema bata wapo bwawani, bure. Siku ile alitaka kuona kitu cha mwisho alichokishika mwanawe. Wakaiegemeza kwenye uzio wa zizi, juani. Mama akainama.

"Kalista, nani alimwambia awapange hivi?"

"Hakuna, mama. Alichora anachokiona tu."

"Anachokiona tu?"

"Hata unyoya haongezi."

"Shigela, njoo. Wewe mchungaji. Nisomee hawa bata."

Shigela akatazama. Bata kumi na moja, wote nchi kavu. Mgongoni jua linang'aa mpaka unataka kuwagusa. Lakini shingo zote ziko juu. Na wote wanatazama upande mmoja: maji yaliyokuwa mbele ya miguu ya mchoraji.

Shigela akajiziba mdomo kwa mkono.

"Ungenywesha ng'ombe hapo?"

"Hapana, mayu," akamjibu mama yake. "Hata mbuzi."

"Basi mamba hakutumwa na mtu. Bata walimwambia. Mwanangu alitazama jua mgongoni mwao, akasahau shingo."

Shigela alitoka mpaka barabarani. Akauokota mzigo wa shemeji yake, akautwika kichwani mwake yeye mwenyewe, mwanamume mzima, akaurudisha ndani mbele ya watu wote.

Kwa Bibi Nyamizi, kwa dada Kalista, kwa Shigela na ukoo wote, tunasema poleni sana. Mungu amlaze Maganga pema. Nasi tulio hai tujiulize: siku ile picha isingekuwepo, Kalista angekuwa wapi leo? Tukitaka kumnyooshea mjane kidole, kwanza twende tukatazame palipotokea jambo.

Bata wa kumi na moja hana jicho. Maganga hakuwahi kulitia. Mzee Umakant alijitolea kutafuta mchoraji wa kulimalizia. Bibi Nyamizi akakataa.

"Muacheni," alisema. "Wale kumi waliona ya kutosha."