Puto la Chumba Namba Tisa

Mgeni rasmi, pamoja na mganga mkuu uliyeambatana naye,

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi ya leo mashine ya chumba namba tisa iliwashwa, na puto lililochorwa kwenye kioo chake likabaki chini. Hakuna kibandiko cha kuiunganisha na mtoto yeyote. Sisi wazazi na walezi wa watoto wanaotibiwa hapa tunakukaribisha mbele ya mashine hiyo. Viti ni vinne, tuliosimama tumezoea.

Chumba na kazi yake

Watoto wetu si wavivu wala wakaidi. Wanapokwenda haja ndogo hubana misuli ya chini ya nyonga badala ya kuilegeza, kwa hiyo mkojo hautoki wote kwenye kibofu, kisha unawatoka darasani. Sista, muuguzi wa chumba hiki, hubandika vibandiko viwili vyenye waya karibu na misuli hiyo. Mtoto akibana, puto kwenye kioo hupanda, akilegeza, hushuka. Anaona kwa macho yake kitu ambacho hakuna mzazi angeweza kumweleza, na baada ya majuma kadhaa mwili hujifunza. Katika miaka miwili watoto kumi na tisa walijifunza hivyo. Idadi hiyo tumeihakiki.

Mafanikio tunayoyafuta

Mwezi wa tatu tulikuandikia kwamba wengine kumi na mmoja wamepona ndani ya majuma matatu. Si kweli. Kwa barua hiyo ofisi yako iliamua mashine ihamishwe Ijumaa hii, kwa kuwa foleni imekwisha.

Kilichotokea ni hiki. Vibandiko viliisha. Tukarudia vya zamani vilivyokauka, na bibi mmoja kati yetu akashauri vilowanishwe kwa maji ya chumvi ili mashine ivipokee. Sista akakubali. Maji yakachuruzika kutoka kibandiko hadi kibandiko, yakaviunganisha, na mashine ikawa haioni tofauti yoyote kati ya kubana na kulegeza. Puto likakaa chini kwa kila mtoto. Tulipiga makofi.

Aliyeligundua kosa ni binti wa miaka sita tunayemwita Redio.

"Sista, puto lako limekufa," alisema. "Nimecheka, nimekohoa, nimebana mpaka masikio. Halina habari na mimi."

Changamoto

Miongoni mwa wale kumi na mmoja yumo binti wa fundi cherehani, miaka tisa. Tunamwita Wakili, maana kila akielezwa jambo huuliza ushahidi uko wapi. Sista alimwonyesha puto, naye akaridhika. Siku ya mtihani wa hesabu aliacha nyumbani pedi yake ya kuzuia mkojo, akaketi dawati la mbele. Mchana ule mwalimu alianika dirishani daftari la jirani yake lililolowa.

Mama yake alimsihi arudi hapa.

"Mama, nani alisema nimepona?"

"Sista, mwanangu. Na mimi."

"Na puto?"

"Na puto."

"Basi mko watatu. Siendi."

Ana siku kumi na saba hajaenda shule. Maji anakunywa glasi moja tu, jioni, na Sista anasema hilo linazidisha tatizo.

Maombi

Mashine ibaki. Kila mtoto apate vibandiko vipya kila anapokuja, kwa sababu bila hivyo mashine hii ni picha ya puto tu. Sista asiadhibiwe peke yake. Chumvi ilitoka majikoni kwetu. Barua ya mwezi wa tatu isitolewe kwenye jalada. Risala hii iwekwe juu yake.

Mungu akupe afya, akufikishe salama nyumbani, na watoto wako wasiwe na sababu ya kutilia shaka wanachoambiwa na watu wazima.

Fundi cherehani, anayekusomea, ameongeza mistari hii kwa kalamu. Saa tatu kamili binti yake alifika mlangoni akamuuliza Sista, "Leo vibandiko vipya vipo?" Sista akajibu havipo. Binti amekaa kwenye benchi la nje. Hajaingia.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Chumba Namba Tisa