Bi. Boke Mniko na Mbwa Asiye na Mwenyewe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Afisa Mifugo wetu, Bi. Boke Mniko, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Alianzia Bunda kwenye majosho ya ng'ombe, kisha akahamia Musoma, ambako wengi tulimfahamu kwa buti zake za mpira na kasha la baridi la chanjo alilolifunga nyuma ya pikipiki. Aliyewahi kuweka soda ndani ya kasha hilo siku ya sherehe ya ofisi anajijua, na hadi leo humsalimia Bi. Boke kwa adabu nyingi.

Mimi niko Kitengo cha Mapato, na kwa miaka mingi tumebishana naye juu ya jambo moja: je, anayefuga mbwa au paka nyumbani alipe tozo? Mimi nasema alipe. Mbwa akiuma mtu, gharama tunaibeba wote, hata asiyefuga kuku. Bi. Boke anasema ukimtoza mtu kwa ajili ya mbwa wake, atamkana, na mbwa aliyekanwa hachanjwi.

Wazo hilo lilipofika kwa madiwani lilikuwa bado wazo tu, lakini mitaani lilipokelewa kama sheria. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa pale Buhare, watu walijaa uwanjani mikono mitupu, mbwa wamewaacha nyumbani. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya Bi. Boke na fulana yangu ya Mapato, naye alinitupia jicho ambalo sijalisahau. Ndipo mbwa mmoja wa kahawia akapenya katikati ya watu, akaenda kulala miguuni pa Mzee Bernado, mvuvi wa zamani.

"Si wangu huyu," mzee alisema haraka. "Anakujaga tu kulala kwangu."

Bi. Boke alipoinama na sindano, mzee akaongeza, "Ila usimshike masikio, hapendagi."

Watu walicheka. Bi. Boke hakucheka, kwa sababu wiki ile kulikuwa na msako wa mbwa wazururaji, na asiye na mwenyewe angepigwa risasi. Alimchanja, akamfunga kamba, akampeleka kwake Mwisenge.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Mzee Bernado alipanda bodaboda hadi Mwisenge akiwa na mfuko wa dagaa, kwa ajili ya mbwa ambaye si wake. Bi. Boke alimkaribisha chai na hakumuuliza kitu. Nilipomshauri amuulize, alinijibu kwamba kazi yake ni kuchanja, si kuaibisha watu. Baadaye tozo iliwekwa kando, na watu wa Buhare wakarudi kwenye chanjo na mbwa wao. Mzee peke yake alishindwa kulifuta neno lake, maana alikuwa ameshamkana mbwa mbele ya mtaa mzima.

Mwezi uliopita alisikia kwamba Bi. Boke anahamia Butiama, na mbwa anaenda naye. Kesho yake alisimama kwenye dirisha langu, amevaa koti lake la kanisani.

"Mwanangu, nimekuja kulipia mbwa wangu."

Nilimweleza kwamba tozo hiyo haipo. Hakuondoka. Nilifunga dirisha, nikampeleka kwa Bi. Boke, na huko akalisema tena neno hilo, "wangu". Jioni ile mbwa alirudi Buhare.

Nilimwambia Bi. Boke: unaona, watu wako tayari kulipa. Akanijibu kwamba mzee aliletwa na mbwa, hakuletwa na tozo. Hatujakubaliana. Nasikia wazo hilo litarudi kwa madiwani, na safari hii hatakuwapo wa kunipinga. Naogopa kwamba nitashinda kirahisi.

Bi. Boke, asante kwa yote. Tunakuombea afya na utulivu huko Butiama, na siku ukipata nafasi, uje ubishe. Mzee Bernado anakusalimu. Anasema mbwa wake hajambo.

Khalidi, Kitengo cha Mapato