Mabakuli Matano ya Ngazi

Mbele ya duka la soda pana benchi refu lenye mguu mmoja uliofungwa waya, na kila jioni hapo hapakosi wataalamu. Mwenye duka anaitwa Baridi, naye ndiye anayechemsha kahawa ya kijiwe kwa birika la umeme lililo nyuma ya kaunta. Yupo Daktari, ambaye ni fundi viatu, hajawahi kutibu hata mafua, ila ushauri anao wa kumwaga. Yupo Breki, dereva wa teksi, anayekatiza kila hoja kabla haijafika. Na yupo Ngazi, mpaka rangi wa majengo, aliyepewa jina hilo enzi zile akipanda ngazi kama anaingia chumbani kwake. Siku hizi hapandi. Mwezi uliopita kikanyagio cha ngazi kilimkatikia mguuni, msimamizi akamtazama tumbo, akamwambia apunguze kilo kumi kwanza. Jumamosi hii atapimwa kwenye mizani ya stoo, na akishindwa atabaki chini akikoroga rangi moja kwa moja. Watu aliowafundisha yeye kushika brashi sasa wanampigia mluzi kutoka juu awapelekee ndoo, na jambo hilo linamuuma kuliko anavyoonyesha.

Mkewe alilibeba kama lake. Kila Jumapili anakwenda sokoni wakati wauzaji wanafunga, anakusanya kabichi, karoti na maharage kwa bei ya kutupa, anapika sufuria moja kubwa, mafuta kidogo, kisha anagawa kwenye mabakuli matano yenye vifuniko. Nyumbani hawana friji, kwa hiyo mabakuli yanalala kwa Baridi, pembeni ya soda. Ngazi anachukua moja kila jioni akitoka kazini. Kilo nane zimeshatoka. Zimebaki mbili, na leo ni Jumatatu.

— Mimi nakwambia kwa nini umepungua, Daktari alianza, akipuliza kahawa yake. Chakula kikilala, kinachoka. Kikifika tumboni hakina tena nguvu ya kukunenepesha.

— Subiri hapo hapo, Breki akasema. Aliyelala anachoka au anapumzika? Maharage ya Ijumaa yamepumzika wiki nzima. Hayo ndiyo ya kuogopa.

— Kinachopunguza ni friji, Baridi akasema, maana friji ni lake. Ukila cha baridi, mwili unaunguza mafuta ili ukipashe moto.

— Basi wanywa soda wako wangekuwa vijiti, Breki akakatiza.

— Soda ina gesi, ndugu yangu. Gesi inajaza. Hiyo ni kesi nyingine.

Ngazi alitaka kusema kwamba labda amepungua kwa sababu anakula kabichi badala ya vitumbua sita kila asubuhi, lakini maelezo hayo aliyaona mafupi mno kwa benchi lile. Akamwomba Baridi amletee bakuli lake.

Baridi akaingia ndani. Akatoka na uso wa msiba.

— Jamani, taa ya friji haiwaki. Umeme umekatika.

Jua lilikuwa bado juu, hakuna aliyekuwa amewasha taa, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Daktari akaomba aone mabakuli. Yakaletwa yote matano, yakapangwa kwenye benchi, naye akaweka kiganja juu ya kila kifuniko kama anayapima homa.

— Hili la Ijumaa limeshaanza kupata joto. Halifiki kesho.

— Umeme wenyewe ukikatika hapa unarudi kwa hisani, Breki akasema. Kile chakula ni jasho la shemeji. Tukiache kiharibike?

— Basi tukirudishe nyumbani, Ngazi akasema. Mke wangu atakichemsha tena.

— Ukichemsha mara ya pili kinaamka, Daktari akasema. Kikiamka, kilo nane zako zote zinarudi. Unataka hivyo?

Ngazi hakutaka hivyo. Pia alikuwa na njaa, tusimsingizie mengine. Tangu saa sita alikuwa akibeba ndoo hadi mabega yanawaka, na harufu ya vitunguu ilikuwa imeshatoka kwenye kifuniko cha kwanza, ambacho Breki alikuwa amekifungua kwa uchunguzi.

— Lakini matano ni mengi kwa mtu mmoja, akasema kwa sauti ndogo.

— Nani kasema mtu mmoja? Daktari akavuta bakuli la Jumatano. Tukila wanne, unene unagawanyika kwa wanne. Wewe unabaki na robo tu. Hata Jumamosi mizani haitakuona.

— Mizani inasoma wasiwasi, Breki akaongeza, mdomo umejaa. Abiria wangu mwenye mawazo huwa naona gari limelala upande wake.

Baridi akawaongezea kahawa, moto kabisa, ya kushushia. Walikula kwa uchungu, kama watu wanaookoa mali kwenye nyumba inayoungua. Daktari alitaja chumvi kuwa kidogo. Bakuli la Ijumaa, lile gonjwa, ndilo lililofutwa kwa kidole.

Mkewe Ngazi akatokea kwenye kona akiwa na fungu la mchicha mkononi. Akasalimia, wakamwitikia wote kwa heshima kubwa mno. Akayatazama mabakuli, moja baada ya jingine.

— Shemeji, usituelewe vibaya, Baridi akaanza. Umeme umekatika. Friji limezima. Tumekiwahi chakula kabla hakijaharibika.

— Umekatika tangu saa ngapi?

— Muda mrefu, Breki akasema. Tangu tulipokaa.

Akamtazama mumewe, kisha kikombe alichoshika, kilichokuwa bado kinatoa mvuke.

— Shemeji zangu, hiyo kahawa mmeichemshia nini?

Breki akaanza kutafuta funguo za teksi mfukoni. Daktari akakumbuka kiatu cha mteja. Nyuma ya kaunta birika likaunguruma, likafika mchemko, likajizima lenyewe kwa mlio mdogo, na waya wake ukaonekana vizuri ulipochomekwa, kwenye soketi pekee ya duka lile.

Mwanamke hakugomba. Alikunjua upande wa kanga, akaanza kukusanyia humo mabakuli na vifuniko, na Ngazi akaona vidole vyake vingali na rangi ya karoti za jana. Akaweka kikombe chini, akamnyang'anya mzigo kwa upole, akamfuata.

Nyuma yao Baridi akachomoa birika, akachomeka friji. Taa ikawaka bila shida yoyote, ikamulika soda, na pembeni yake nafasi ya mabakuli matano.