Suti ya Bwana Harusi

Treni iliposimama stesheni kubwa, abiria wakashuka kunyoosha viungo. Fundi cherehani hakunyanyuka. Alikuwa amepakata suti ya bwana harusi wa kesho kama mtoto mchanga.

“Hushuki, baba? Chai hiyo inanukia mpaka humu,” akauliza mama mkunga aliyekaa mbele yake.

“Aliyeumwa na nyoka, mama, unyasi humshtua. Safari iliyopita nilijitia mjanja. Nikamwona dereva anashuka, nikamfuata. Nikajiambia, maadamu huyu anakunywa chai, treni itaondoka na nani? Nikaagiza na kikombe cha pili. Kumbe zamu yake imekwisha, mwenzake kashaing’oa treni! Suti ikaenda, mimi na akili zangu tukabaki na kikombe.”

“Masikini! Bwana harusi akaoa na nini?”

“Na koti la shemeji yake. Mikono iliishia kwenye viwiko. Huyu wa kesho ni mdogo wake bwana harusi yule.”

Mkunga akacheka mpaka akashika mbavu. “Na bado wamekuamini! Basi shuka na suti yako, mkiachwa muachwe pamoja.”

Neno hilo lilimwingia fundi, maana koo lilikuwa limemkauka kwa kusimulia. Ili mikono ibaki huru kushika kikombe, akalivaa koti la ile suti, akashuka kifua mbele kama anayekwenda kuoa yeye.

Honi ikalia chai ikiwa mdomoni. Fundi akatimua mbio, koti linapepea. Mkunga akachomoza dirishani, anapunga kitu kirefu cheusi.

“Kimbia, baba! Suruali inaondoka!”