Bahasha Iliyovuka Mpaka Kabla ya Kamati

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mkuu wa Kitengo cha Uhawilishaji wa Teknolojia, Mzee Muhuri kwa sisi tuliomzoea, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhakikisha matunda ya utafiti wa taasisi yetu yanawafikia jirani zetu ng'ambo ya mpaka. Katika muda wote huo, kwa njia halali, kimevuka kitu kimoja: kalenda ya ukutani.

Si kwamba hakuhangaika. Mafundi wetu walipobuni mashine ya kukaushia mahindi, Kamati ya Pamoja ya nchi mbili ilikutana mara kumi na tisa. Vikao sita vilijadili nani aketi upande wa dirishani. Vilivyobaki vilichambua iwapo michoro ni bidhaa au ni barua. Mzee Muhuri alihudhuria vyote na kupiga muhuri kila ukurasa wa mihtasari, hata iliyokuwa mitupu. Chai ilikuwa nzuri.

Kisha ikatupata aibu kubwa: teknolojia ikahawilishwa. Kwa ajili ya kikao cha ishirini ziliandaliwa bahasha mbili za kaki, moja ya ajenda kwenda kwa jirani, nyingine ya michoro kamili kwenda kabatini. Zikabadilishana. Jirani, watu wasiojua adabu ya vikao, walipokuta vipimo vya kila bomba wakaanza kuchomelea. Kufikia mavuno walikuwa na mashine mia mbili, huku ajenda yetu ikilindwa kwa kufuli mbili.

Uongozi haukulala, ulitafuta wa kulaumiwa. Daftari la masjala lilikuwa na sahihi ya Mzee Muhuri. Akapewa barua ya onyo kali, na ukurugenzi alioahidiwa ukaenda kwa mwenzake ambaye, kwa sifa zake zote, hajawahi kutuma chochote popote.

Mwezi jana, katika kikao cha thelathini, makubaliano yalisainiwa hatimaye. Mashine hiyo, iliyoboreshwa na jirani, sasa itahawilishwa kuja kwetu. Mzee alipiga muhuri bila kucheka. Wengine tulishindwa.

Limebaki moja. Bahasha zile nilizifunga mimi, karani wa masjala, nikiwa na miezi miwili kazini, bado niko kwenye majaribio, na mimba ya miezi saba. Nilimfuata Mzee nikilia, nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Alifunga mlango.

"Sahihi ni yangu, mwanangu. Rudi kazini."

Nikarudi. Mtoto yule sasa anasomea uhandisi, na mimi ndiye mkuu wa masjala. Nimenyamaza miaka kumi na tisa, na naona haya.

Kwa hiyo asubuhi hii nimeitoa barua ile ya onyo kwenye jalada lake na kuiweka kwenye langu, pamoja na maelezo niliyoyasaini. Mkurugenzi amepewa nakala.

Asante, Mzee wangu. Kapumzike kwa raha na afya tele. Na ukitaka kutuandikia, bahasha ifunge mwenyewe.